Kunyonga Baiskeli kwa Anayepunguza Wanga: Namna ya Kupata Kipimo Kinachofaa

Kabla jua halijachomoza, wachuuzi wa rejareja katika Soko la Samaki la Feri huwa wamekwisha kufunga matenga na ndoo zao kwenye keria za baiskeli. Samaki wamenunuliwa mnadani, barafu imemwagwa juu yao, mpira wa kufungia umezungushwa mara tatu, na safari inaanza. Wengine hushika Barabara ya Sokoine kuelekea Kariakoo na Ilala. Wengine huenda mbali zaidi, hadi Temeke na Mbagala, wakipita nyumba kwa nyumba mpaka tenga liishe. Saa hizohizo, hasa mwisho wa juma, mahali hapo hupita waendesha baiskeli wa namna nyingine: kofia ngumu kichwani, baiskeli nyepesi, wakielekea Daraja la Tanzanite na Coco Beach, au wakisubiri pantoni iwavushe Kigamboni. Kundi la kwanza hunyonga ili lipate mkate; la pili, mara nyingi, hunyonga ili liupunguze.

Somo hili ni la makundi yote mawili, kwa sababu siku hizi ushauri mmoja huyafikia yote: acha wanga. Anayetaka kupungua mwili huambiwa hivyo, na aliyepimwa akakutwa na kisukari huambiwa hivyohivyo. Kwa mtu anayeketi ofisini, ushauri huo unaweza kumfaa au usimfae, lakini ni nadra kumwangusha. Aliye juu ya baiskeli, katikati ya daladala na bodaboda, ana hatari ya namna nyingine. Akiishiwa nguvu ghafla au sukari yake ikishuka, mahali pa kuangukia ni barabarani. Kwa hiyo tunapenda mtumiaji ajue mambo mawili kabla ya kuacha ugali au kununua unga wa gharama: safari yake inadai wanga kiasi gani, na chakula anachokinunua kina wanga kiasi gani.

Wanga hukaa wapi mwilini

Wanga wa ugali, wali, mihogo, ndizi na mkate huvunjwa tumboni ukawa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sehemu yake hutumika papo hapo, na sehemu huwekwa akiba kwa umbo la glaikojeni, ambayo tunaweza kuiita wanga wa mwilini. Ini hubeba takribani gramu 80 hadi 100, na akiba hiyo hutumika kulinda kiwango cha sukari katika damu, hasa kwa ajili ya ubongo. Misuli hubeba takribani gramu 300 hadi 500 kwa mtu mzima anayekula chakula cha kawaida, nayo huitumia yenyewe bila kuuazima mwili mwingine. Kila gramu ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na takribani gramu 3 za maji. Ndiyo maana anayeacha wanga huona mizani ikishuka kilo moja au mbili katika wiki ya kwanza na kufurahi mno. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni maji.

Namna misuli inavyotumia akiba hii ilionyeshwa vizuri sana mwaka 1966, na baiskeli ndiyo iliyotumika. Watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanya wao wenyewe kuwa watu wa majaribio. Waliketi kila mmoja upande wake wa baiskeli moja ya maabara, kila mtu akanyonga kwa mguu mmoja tu hadi akachoka kabisa. Kisha walichukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja yao na kuvipima. Mguu ulionyonga ulikuwa umeishiwa glaikojeni, na mguu uliopumzika ulikuwa nayo tele. Baada ya siku tatu za kula wanga kwa wingi, mguu uliofanya kazi ulijaza akiba maradufu kuliko mwenzake. Jambo hilo lina maana kubwa kwa somo letu: mwili hupeleka wanga pale kazi ilipofanyika. Aidha, misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka katika damu hata insulini ikiwa kidogo. Wanga unaoliwa karibu na safari, kwa hiyo, hautendewi na mwili sawasawa na wanga unaoliwa usiku mbele ya televisheni.

Mafuta nayo ni nishati, na akiba yake ni kubwa hata kwa mtu mwembamba. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa 4. Kasoro ya mafuta ni kwamba huungua polepole na hudai oksijeni zaidi kwa nishati ileile. Ukinyonga taratibu kandokando ya bahari, mafuta yanatosha kubeba sehemu kubwa ya kazi. Ukipandisha daraja, ukishindana na mwenzako, au ukivuta tenga zito dhidi ya upepo wa kusi, mwili hudai wanga.

Kupunguza kuna ngazi zake

Watu wengi husema wamepunguza wanga bila kutaja kiasi, na mazungumzo yakawa ya viziwi. Kwa kawaida wataalamu wa lishe huita mlo kuwa wa wanga kidogo pale wanga unapokuwa chini ya gramu 130 kwa siku. Mlo wa chini ya gramu 50 ni jambo lingine kabisa, kwani hapo ini huanza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta ili ziwe mbadala wa glukosi. Mtu wa gramu 120 na mtu wa gramu 30 hawawezi kupewa ushauri mmoja wa barabarani.

Je, mwili huzoea? Huzoea, kwa kiasi. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Stephen Phinney walichapisha matokeo ya waendesha baiskeli 5 wenye mazoezi mazuri, waliokula chini ya gramu 20 za wanga kwa siku kwa muda wa wiki 4. Kwa mwendo wa wastani, muda wao wa kunyonga hadi kuchoka ulikuwa dakika 147 kabla ya mlo huo, na dakika 151 baada yake. Matokeo hayo hutajwa sana na wapenzi wa mlo huu. Lakini watu 5 ni wachache, na wastani ule ulificha tofauti kubwa: wapo walioendelea zaidi na wapo waliorudi nyuma. Isitoshe, mwendo wenyewe ulikuwa wa wastani. Mwaka 2017 kundi la Louise Burke nchini Australia lilichapisha utafiti wa wanariadha wa mashindano ya kutembea, na waliokula mlo wa mafuta mengi walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, wala hawakuboresha muda wao wa mashindano kama wenzao waliokula wanga. Kwa maoni yetu, matokeo hayo mawili hayapingani. Anayekwenda taratibu anaweza kuishi na wanga kidogo. Anayekwenda kasi hulipa gharama.

Uzoevu huo huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi. Katika kipindi hicho miguu huwa mizito na kichwa huuma. Sababu mojawapo ni chumvi, kwa kuwa wanga ukipungua insulini hupungua, na figo hutoa chumvi na maji zaidi. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, ambako mtu hulowa jasho kabla hajafika Mnazi Mmoja, upungufu huo huonekana haraka. Si wakati wa kujaribu safari ndefu. Mwenye shinikizo la juu la damu asijiongezee chumvi kabla ya kuuliza kliniki yake.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa mtu mwenye kilo 80 anayekula gramu 60 za wanga kwa siku kwa nia ya kupungua. Jumamosi anavuka kwa pantoni na kunyonga upande wa Kigamboni, Mjimwema na kuendelea, kwa saa 3, mwendo ambao bado anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Anaweza kutumia takribani kilokalori 500 kwa saa, yaani 1,500 kwa safari nzima. Kama mwili wake haujazoea, karibu nusu ya nishati hiyo, kilokalori 750, itatoka kwenye wanga. Hiyo ni gramu 188, mara tatu ya chakula chake cha siku. Kama umezoea, na tuseme robo tu ndiyo itakayotoka kwenye wanga, bado ni kilokalori 375, yaani gramu 94. Akiba yake imekwisha kupungua kwa sababu ya mlo wenyewe. Saa ya kwanza itapita vizuri, na ya pili pengine. Katika saa ya tatu, akirudi na upepo usoni, ndipo wengi hukaa chini ya mwembe na kuulizana kuna nini.

Miongozo ya kawaida ya michezo husema kwamba safari isiyozidi saa moja haihitaji kulishwa njiani. Safari ya saa 1 hadi 2 na nusu huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Na safari ndefu zaidi yenye kasi inaweza kufikia gramu 90. Viwango hivyo vimewekwa kwa mtu anayekula wanga wa kawaida na anayetaka kasi. Kwa anayepunguza na anayekwenda taratibu, tunashauri aanze chini: asile kitu cha ziada katika saa ya kwanza, kisha ale gramu 15 hadi 20 kila saa, na aongeze gramu 10 katika safari inayofuata iwapo miguu itagoma. Mtu wa mfano wetu akila gramu 20 katika saa ya pili na 20 katika saa ya tatu, atakuwa ameingiza kilokalori 160 huku akiwa ametumia 1,500. Hofu kwamba ndizi moja na nusu itaharibu kazi ya wiki nzima haina msingi wa hesabu.

Kinachobaki ni wakati wa kuzila. Gramu 60 za siku zinaweza kugawanywa zote sawasawa kati ya asubuhi, mchana na jioni, au nusu yake ikawekwa saa moja au mbili kabla ya safari na nyingine mara baada ya kurudi. Kwa siku ya baiskeli tunapendelea mgawanyo wa pili. Siku ya mapumziko, mtu arudi kwenye kiwango chake cha kawaida.

Mchuuzi wa samaki ana hesabu nyingine. Akiwa na kilo 60 na kazi ya saa 5 au 6 kila siku, mzigo ukiwa nyuma, mahitaji yake yanaweza kufika gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 300 hadi 420 kwa siku. Ugali mkubwa, chai ya sukari na maandazi ya alfajiri vinavyomfanya achekwe na wenye baiskeli nyepesi vinakaribia sana kipimo hicho. Kama hana ugonjwa, hatuoni sababu ya yeye kuacha wanga. Ushauri wa mitaani unaomwambia auache unamchukulia kama mtu wa ofisini.

Mwenye kisukari anayetumia dawa

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takribani watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo katika foleni ya baiskeli zinazotoka Feri, wenye ugonjwa huu hawakosekani, na baadhi hawajajijua.

Mambo matatu hushusha sukari ya damu: kupunguza wanga, kunyonga baiskeli, na dawa. Kila moja kwa nafasi yake ni jema. Yakikutana yote siku moja bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dawa zinazohusika zaidi ni insulini, na vidonge vya jamii ya glibenclamide na gliclazide, ambavyo hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Metformin ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta tatizo hilo. Dawa za jamii ya dapagliflozin na empagliflozin zina hatari ya namna nyingine: zikitumiwa pamoja na mlo wa wanga kidogo mno, zinaweza kusababisha asidi ya ketoni kujaa katika damu, hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi. Kwa mtu yeyote anayetumia dawa hizi, mabadiliko ya mlo huanzia kliniki, yeye na mtoa dawa wakiwa wameketi pamoja. Asipunguze ugali leo akasubiri miadi ya mwezi ujao. Wala asiache dawa kwa uamuzi wake.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuona ukungu, maneno kuchanganyika na hasira isiyo na sababu. Ugumu ni kwamba mtu aliyenyonga baiskeli juani tayari anatokwa jasho na moyo wake unakwenda mbio, hivyo dalili hujificha ndani ya uchovu wa kawaida. Kwa sababu hiyo kipimo cha kidole ni bora kuliko hisia. Anayetumia insulini au vidonge tulivyovitaja, akipima kabla ya kuondoka na kukuta chini ya 5, ale kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga. Akijisikia vibaya njiani, ashuke, asogee pembeni mwa barabara na kupima. Kama hana kipimo, achukulie kwamba imeshuka. Ikiwa chini ya 4, atumie gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vya chai vinne vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitamsaidia hata kidogo. Asubiri dakika 15, apime tena, na arudie kama bado. Akishapata nafuu ale chakula chenye wanga kabla ya kupanda baiskeli. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Hatari hiyo haiishi mtu anapofika nyumbani. Misuli huendelea kuvuta glukosi kujaza akiba, na sukari inaweza kushuka hata usiku, ndani ya saa 24 baada ya safari. Anayelala bila kula wanga wowote baada ya kutwa juu ya baiskeli anafanya kosa ambalo mkewe au mumewe ndiye atakayeligundua saa nane za usiku. Vilevile sukari ya dharura ikae mfukoni, wala isiwekwe kwenye kikapu cha baiskeli ambacho mtu akianguka hakifikii.

Gramu zilizomo katika chakula cha Feri na Kariakoo

Samaki, awe changu, kibua, nguru au jodari, hana wanga. Akipakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa, anao, na anayepunguza ana haki ya kumuuliza mkaangaji. Pweza na ngisi wana kidogo sana. Hivyo sahani ya Feri si tatizo mpaka ifike kwenye kile kinachoambatana na samaki.

Ugali ni vigumu kuuhesabu ukiwa umepikwa, kwa sababu kila mpishi ana maji yake. Njia rahisi ni kupima unga mkavu: gramu 100 za unga wa mahindi zina takribani gramu 75 za wanga. Nusu kilo ya unga ikisongwa na kuliwa na watu wanne, kila mmoja amekula gramu 94 hivi. Dona halina wanga pungufu sana kuliko sembe. Faida yake iko kwenye nyuzinyuzi na virutubisho. Wali uliopikwa una takribani gramu 28 kwa kila gramu 100. Mihogo ni mizito kuliko wengi wanavyodhani, karibu gramu 38 kwa gramu 100, na viazi vitamu vilivyochemshwa ni karibu nusu ya hapo. Chapati iliyotokana na gramu 60 za unga wa ngano ina gramu 45. Mizani ndogo ya jikoni hupatikana katika maduka mengi ya vyombo ya Kariakoo, na mwezi mmoja wa kuitumia hulifundisha jicho.

Kwa mfuko wa safari, ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina takribani gramu 25, tende ndogo moja gramu 5 au 6, na kijiko cha chai cha sukari gramu 4. Karanga zina wanga kidogo, gramu 16 hivi kwa gramu 100, na nusu yake ni nyuzinyuzi. Korosho huwashangaza watu: gramu 100 zina takribani gramu 30. Anayepunguza wanga na kununua pakiti ya korosho kila foleni ya pantoni anaila ndizi yake bila kujua.

Madafu yanastahili neno lake, kwa kuwa huuzwa juu ya baiskeli na husifiwa kuwa kinywaji cha wanariadha. Maji yake yana takribani gramu 4 za sukari kwa mililita 100, kwa hiyo dafu lenye mililita 300 ni gramu 12. Yana potasiamu kwa wingi lakini sodiamu kidogo, na jasho hutoa sodiamu zaidi. Ni kinywaji kizuri, ila hakirudishi chumvi yote. Juisi ya miwa ina sukari nyingi mara kadhaa kuliko dafu, nayo haina lebo. Anayepunguza aichukulie kama soda.

Kinywaji cha safari kinaweza kutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Hapo zipo gramu 24 za wanga, na mtu anajua alichotia. Vifuko vya jeli vya wanamichezo vinavyoagizwa kutoka nje vina wanga huohuo katika umbo rahisi kubeba. Anayeweza kuvinunua hakosei, lakini asiaminishwe kwamba bila vyenyewe hawezi kufika Kimbiji.

Kusoma pakiti dukani

Kosa la kwanza tunaloliona kwa wanunuzi ni kuamini neno lililo mbele ya pakiti na kuacha jedwali lililo nyuma. "Haina sukari" haina maana kwamba haina wanga: biskuti isiyotiwa sukari bado imetengenezwa kwa unga. Tafuta mstari wa wanga jumla, kisha uangalie umeandikwa kwa gramu 100 au kwa mgawo mmoja. Watengenezaji wengine huchagua mgawo mdogo kiasi kwamba namba inaonekana ya kupendeza, na mnunuzi hula migawo mitatu. Katika orodha ya viambato, inayotangulia ni ile iliyotiwa kwa wingi zaidi. Maltodekstrini, dekstrosi, sirapu ya glukosi, fruktosi na asali vyote ni wanga, kwa majina tofauti.

Kuna unga unaouzwa kwa jina la unga wa wanga kidogo, kwa bei ya mara kadhaa ya sembe, wakati mwingine katika mfuko mweupe wenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Muulize muuzaji viambato na kiasi cha wanga kwa gramu 100. Kama hana jibu, au kama karatasi inadai kwamba unga huo hutibu kisukari, urudishe rafuni. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, hupokea malalamiko ya bidhaa za namna hiyo. Hifadhi risiti na mfuko wenyewe. Lalamiko lisilo na mfuko ni gumu kufuatilia.

Daftari la safari

Kipimo cha mtu mmoja hakipatikani katika kijitabu hiki wala kwa jirani. Kinapatikana kwa kurudia safari moja mara kadhaa na kubadili jambo moja tu kila mara. Chagua njia unayoijua, kwa mfano kutoka Feri kupitia Barabara ya Barack Obama na Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, uende na kurudi mara mbili. Ondoka saa ileile, kwa mwendo uleule, baada ya chakula kilekile cha jioni. Jumamosi ya kwanza usile kitu njiani. Ya pili, kula gramu 20 baada ya saa ya kwanza. Ya tatu, kula gramu 30. Mwenye kutumia insulini au vidonge tulivyovitaja asifanye ile ya kwanza, na asifanye yoyote peke yake.

Andika siku hiyohiyo: muda uliotumia, gramu ulizokula na saa ulizozila, maji uliyokunywa, hali ya miguu katika nusu saa ya mwisho, na hali ya kichwa. Kisha uandike kesho yake asubuhi, kwa kuwa hapo ndipo ukweli mwingi hujitokeza: umelalaje, njaa ikoje, ngazi za nyumbani unazipandaje. Ikiwa safari ya gramu 20 na ya gramu 30 zimefanana, baki na 20. Ikiwa hata gramu 30 hazikusaidia, angalia kwanza chumvi, maji na usingizi kabla ya kuongeza wanga. Na ikiwa kila Jumamosi unarudi ukiwa hoi kwa mwendo ambao mwezi uliopita ulikuwa mchezo, peleka daftari hilo kliniki. Mtoa huduma atapata humo mengi zaidi ya yale utakayokumbuka kumweleza ukiwa umeketi mbele yake.